Klabu ya Kriketi ya Kanisa, na Uwanja Uliokuwa wa Mtu Mwingine

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wenyekiti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa maana vikundi ambavyo havikuweza kufika vimetuomba.)



Nimeombwa niseme juu ya usimamizi mwema wa vikundi. Nikamwuliza mwenyekiti wetu, hayo si tuliyasema mwaka jana na mwaka juzi? Akanijibu, sema tena. Basi nitayasema tena, lakini leo nitapitia njia ya mbali kidogo. Nitawasimulia habari ya klabu ya kriketi huko Uingereza, iliyoanzishwa na vijana wa kanisa la Kimethodisti zaidi ya miaka mia moja na arobaini iliyopita.

Nikisema klabu, tafadhali msifikirie kilabu cha pombe. Pombe itaingia katika habari hii, lakini si sasa. Ngojeni.

Kriketi wengi wetu tumeisikia redioni tu. Wazee mtakumbuka mwaka wa 1996, timu ya Kenya ilipowashinda West Indies kule Pune, nchini India, katika Kombe la Dunia. Sisi tulipata alama 166, wao wakaangushwa wote kwa 93. Watu walishangilia hata wale ambao hawakujua ni nini kimetokea. Mwaka wa 2003 Kenya ikafika nusu fainali. Kwa wale ambao hawajauona, mchezo wenyewe ni wa watu kumi na mmoja kila upande. Mmoja anarusha mpira mgumu, mdogo kuliko chungwa kubwa. Wa upande wa pili amesimama na gongo la ubao mbele ya vijiti vitatu vilivyochomekwa ardhini. Anavilinda vijiti, na mpira akiupiga mbali, anapata nafasi ya kukimbia na kuhesabiwa alama.

La muhimu kwetu leo ni hili: kriketi inataka ardhi. Si ya kubahatisha, ni uwanja mpana, sawasawa, wenye nyasi fupi, na katikati pawe laini kama sakafu. Mvua ikinyesha mchezo unasimama. Kwa hiyo kule Uingereza huchezwa miezi ya joto peke yake, na kikundi kisicho na uwanja hakina kriketi. Likumbukeni neno hilo.

Kwa nini watu wa kanisa walishika gongo

Mwanzoni Wamethodisti hawakupenda michezo hata kidogo. John Wesley mwenyewe, alipofungua shule yake ya Kingswood mwaka wa 1748, aliweka sheria kwamba watoto wasicheze kabisa. Wasome, wasali, walime bustani. Mimi kama mzazi naona hiyo ilikuwa kali mno, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa miaka mia ikapita. Viwanda vya nguo vikajengwa, watoto na akina mama wakafanya kazi humo kuanzia alfajiri hadi usiku. Mwaka wa 1850 serikali ikatoa sheria kwamba Jumamosi vijana na wanawake wa viwanda hivyo waachiliwe saa nane mchana. Polepole watu wengine nao wakapata Jumamosi alasiri. Basi, kijana amefanya kazi juma zima, ana senti mfukoni na ana nusu siku mikononi. Atakwenda wapi? Kila njia panda palikuwa na nyumba ya pombe. Na si pombe tu, humo mlikuwa na kamari na kupiganisha majogoo.

Wachungaji na walimu wa Shule ya Jumapili wakaliona hilo. Kumwambia kijana "usiende kule" ni rahisi, lakini usipomwonyesha pa kwenda umemwambia nini? Kwa hiyo kanisa baada ya kanisa, hasa katika vijiji vya wafumaji wa nguo vya Yorkshire na Lancashire, vijana wa darasa la Biblia walianzisha timu ya kriketi. Walikodi malisho kwa mkulima. Ng'ombe walikula nyasi siku tano, na Jumamosi vijana wakaja mapema kuokota mavi kabla ya kuchomeka vijiti. Akina mama wa kanisa walipika chai na keki, wakauza, wakafanya minada midogo, na pesa hizo ndizo zilizonunua mipira na magongo. Ligi nyingine za Shule za Jumapili ziliweka sharti kwamba mchezaji lazima awe amehudhuria ibada mara kadhaa kwa mwezi, la sivyo hachezi. Naona mchungaji wetu anatabasamu. Wazo hilo limempendeza.

Vijiji hivyo havikuwa vya kuchekwa katika mchezo. Kimoja, Kirkheaton karibu na mji wa Huddersfield, kilitoa George Hirst na Wilfred Rhodes, wawili katika wachezaji wakubwa kabisa ambao Uingereza imepata.

Ni katika pande hizo hizo za Huddersfield, kijiji cha Stocksmoor, ambako mwaka wa 1845 alizaliwa mtoto aliyeitwa Ben Swift Chambers. Alikua, akawa mchungaji. Hakuwa wa Methodisti ya Wesley moja kwa moja, bali wa tawi lililoitwa Methodist New Connexion, yaani Umoja Mpya. Tawi hilo lilijitenga mwaka wa 1797, na sababu ya kujitenga ni jambo ambalo nyinyi mnalijua vizuri: nani aamue. Washiriki wa kawaida walisema si haki wachungaji peke yao kukaa katika mkutano mkuu na kupitisha mambo. Walitaka wazee waliochaguliwa na washiriki wakae humo pia, idadi sawa na wachungaji. Kwa hiyo katika makanisa hayo, fundi viatu na karani wa duka walizoea kuketi kamatini, kusoma hesabu, kuandika kumbukumbu za mkutano, kupiga kura na kukubali wakishindwa.

Timu ya St Domingo

Mwaka wa 1877 Mchungaji Chambers alipelekwa Liverpool, mji wa bandari, katika kanisa la St Domingo lililokuwa sehemu inayoitwa Everton. Naona vijana sasa wameinua vichwa! Ndiyo, Everton hiyo hiyo. Zamani Everton kilikuwa kijiji juu ya kilima, mbali na mji. Liverpool ilikua, ikakimeza mwaka wa 1835, lakini barabara moja hata baadaye iliendelea kuitwa Barabara ya Kijiji. Ni kama vile nyinyi mnavyoona mji unavyopanda huku kwetu mwaka hata mwaka, ploti kwa ploti.

Mchungaji Chambers aliwakuta vijana hawana la kufanya, akawaanzishia timu ya kriketi ya kanisa. Walicheza vizuri miezi ya joto. Baridi ikaingia, uwanja ukawa tope, vijana wakatawanyika. Ndipo mwaka wa 1878 wakasema, tucheze kandanda wakati wa baridi ili tusipoteane mpaka kriketi irudi. Hiyo ndiyo sababu yote. Kandanda ililetwa iwe mlinzi wa mlango, ikaishia kuwa mwenye nyumba. Na si huko peke yake: miaka minne mbele, mwaka wa 1874, vijana wa kriketi wa kanisa la Wesley la Villa Cross huko Birmingham walikuwa wamefanya hivyo hivyo, na timu yao ikawa Aston Villa.

Walicheza katika bustani ya umma iitwayo Stanley Park. Milingoti ya goli ilitunzwa katika nyumba ya mlinzi wa bustani. Vijana waliibeba mabegani, wakaisimika, wakacheza, wakaing'oa tena. Watu wakaanza kuja kutazama, na vijana wa nje ya kanisa wakaomba kujiunga.

Hapo wakapata swali ambalo kila kikundi kinalipata. Je, hiki ni chetu sisi washiriki wa St Domingo tu, au tuwafungulie majirani? Mwezi wa Novemba 1879 wakafanya mkutano, wakabadilisha jina. Badala ya jina la kanisa wakachukua jina la mahali: Everton. Na mkutano huo ulifanyika wapi? Katika hoteli ya Queen's Head, huko huko Barabara ya Kijiji, mahali panapouzwa bia. (Kicheko.) Msicheke sana. Kuna kamati hapa nawajua wanaokutana mahali pa namna hiyo, na ripoti wanaandika "ofisini."

Kuhama, kuhama, kuhama

Katika bustani ya umma huwezi kutoza kiingilio. Kwa hiyo mwaka wa 1883 walikodi uwanja wa bwana mmoja, Cruitt, katika barabara ya Priory. Mchezo wa kwanza mapato ya mlangoni yalikuwa shilingi chache, hata pauni moja haikufika. Bwana Cruitt hakuvumilia kelele za watu, na mwaka uliofuata akawaambia watafute mahali pengine.

Sasa ndipo pombe inapoingia. Kiongozi mmoja wa klabu aliitwa John Houlding, mtu aliyejiinua kwa bidii yake mpaka akawa na kiwanda cha bia, akawa diwani, na baadaye akawa Meya wa Liverpool. Aliwatafutia uwanja kwa rafiki yake John Orrell, naye mwenye kiwanda cha bia. Uwanja huo ni Anfield. Masharti yalikuwa mepesi: watunze kuta, wasisumbue majirani, na kila mwaka watoe mchango kwa hospitali ya Stanley kwa jina la Orrell. Washiriki wakaingia kwa mikono yao, wakasawazisha, wakapigilia mbao za uzio, wakajenga mahali pa watu kuketi. Ilikuwa harambee kamili. Wachezaji walivalia nguo zao katika hoteli ya Houlding, ng'ambo kidogo tu, na watazamaji wakitoka mchezoni wana kiu, hoteli iko pale pale.

Mwaka wa 1885 Houlding akainunua ardhi yenyewe. Kwa hiyo sasa mtu mmoja alikuwa kiongozi wa klabu, mwenye uwanja na muuza bia, yote pamoja. Simsemi kwa ubaya. Bila yeye vijana wale wangeendelea kubeba milingoti mabegani. Aliwakopesha pesa walipokuwa hawana. Lakini angalieni jinsi mambo yalivyokwenda. Klabu ilikua. Mwaka wa 1888 ikawa moja ya timu kumi na mbili zilizoanzisha Ligi. Mwaka wa 1891 ikachukua ubingwa. Na kadiri klabu ilivyokua, kodi ilipanda, kutoka pauni 100 kwa mwaka hadi pauni 250 kufikia msimu wa 1889–90. Tena Houlding alitaka yeye peke yake awe na haki ya kuuza vinywaji uwanjani. Mwishowe akapendekeza klabu iwe kampuni, na kampuni hiyo inunue ardhi yake kwa bei aliyoitaja yeye.

Jiulizeni. Ni nani aliyeifanya ardhi ile iwe ghali? Ni wale waliopigilia mbao. Na kila msumari walioupigilia ulimwongezea mwenye ardhi nguvu ya kuwapandishia kodi.

Yaliyonipata mimi

Nitakatiza habari kidogo niwaambie jambo langu mwenyewe, kwa maana si vyema niwaseme Waingereza tu.

Kikundi chetu kilikuwa na nasari ya miche kando ya mto. Tulikuwa wanachama ishirini na mmoja, wengi akina mama. Ardhi ilikuwa ya jirani yetu, mtu tuliyemheshimu, na tulipatana naye kwa mdomo, tukanywa chai kwake, tukaomba, tukaondoka tumefurahi. Hakuna aliyetaka kutaja karatasi, maana kutaja karatasi kwa jirani ni kama kumwambia humwamini. Tulikata matuta. Tulileta mabomba, tukachimba mtaro kwa majembe wiki tatu, maji yakafika. Miche ya miembe na parachichi ikaanza kuuzwa hadi soko la mbali. Mwaka wa nne, jirani yetu akasema anahitaji shamba lake, mtoto wake amerudi. Tulipomwuliza juu ya mabomba alisema yamefukiwa katika ardhi yake, na kilichofukiwa katika ardhi yake ni chake.

Tulikwenda kwa chifu. Chifu aliuliza maneno mawili tu: mapatano yenu yako wapi, na kitabu cha mikutano kiko wapi? Mapatano hayakuwako. Kitabu kilikuwako, lakini kurasa za miaka miwili zilikuwa tupu. Mwenye kuandika kitabu hicho, yaani katibu, nilikuwa mimi. Nilikuwa nikisema nitaandika kesho, nitaandika kesho. Mama mmoja mwanachama, aliyekuwa ameuza mbuzi wake ili tununue mabomba, hakunigombeza. Alinitazama tu. Heri angenigombeza.

Kwa hiyo niliposoma habari za watu wa St Domingo, sikuzisoma kama mtu wa michezo. Nilitafuta kitu kimoja: wao walipona vipi?

Mpiga kinanda

Walipona hivi. Kulikuwa na mshiriki mmoja aliyeitwa George Mahon. Kazi yake ilikuwa uhasibu, na Jumapili alipiga kinanda katika kanisa la St Domingo. Alijua hesabu, na alikuwa ametoka katika kanisa lile nililowaambia, ambamo mtu wa kawaida anaweza kusimama mkutanoni na kumpinga mkubwa bila kumtukana. Mahon na wenzake walimwambia Houlding mbele ya wanachama wote kwamba bei yake hawaiwezi, na kodi yake hawaitaki.

Wengine walisema, sawa, tukiondoka tutakwenda wapi? Inasimuliwa kwamba Mahon tayari alikuwa na karatasi mfukoni: mapatano ya kukodi shamba lingine, upande wa pili wa Stanley Park, pamoja na haki ya kulinunua baadaye. Hakuanza kupiga kelele kwanza halafu kutafuta ardhi. Alitafuta ardhi kwanza. Na ilikuwa imeandikwa.

Wanachama wakapiga kura, wengi wakamfuata. Hii ilikuwa mwanzoni mwa 1892.

Houlding naye hakuwa mjinga. Tayari alikuwa ameandikisha kampuni yake, na jina aliloiandikishia lilikuwa la Everton! Fikirini. Uwanja ni wake, sasa na jina analitaka. Hayo yanatokea hata kwetu. Kikundi kinalala, asubuhi kinasikia mtu ameandikisha jina lake kwingine na amefungua akaunti. Neno likafikishwa mbele ya Chama cha Kandanda, wakubwa wa mchezo, nao wakaamua kwamba kampuni mpya haiwezi kuchukua jina la klabu iliyokwisha kuandikishwa kwao mahali hapo hapo. Klabu ni wanachama, si kuta. Jina likabaki na watu walioondoka. Houlding akabaki na uwanja mtupu na, inasemekana, wachezaji watatu. Ikambidi aunde timu nyingine kabisa. Akaiita Liverpool.

(Hapa palikuwa na kelele nyingi upande wa vijana, ikabidi mwenyekiti aombe utulivu.)

Ndiyo, vijana. Timu hizo mbili ambazo mnavaa jezi zake na kununiana siku tatu baada ya mchezo, zote zilitokana na ugomvi wa kodi ya shamba, katika klabu iliyoanza kwa kriketi ya kanisa. Mnaweza kuwaambia wenzenu sokoni.

Kazi haikuisha kwa kura. Shamba jipya lilikuwa gumu, halikuwa sawa, na hapakuwa na hata kibanda. Wakauza hisa kwa watu wa kawaida, za pauni moja moja, badala ya kumtegemea tajiri mmoja tena. Daktari mmoja, James Baxter, akawakopesha pauni 1,000 bila riba. Daktari huyo alikuwa Mkatoliki, na wakati ule, katika mji ule, Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wakirushiana mawe barabarani. Nalitaja kwa sababu baadhi ya vikundi vyetu bado vinauliza mtu anasali wapi kabla ya kupokea mchango wake wa kila mwezi.

Uwanja wa Goodison Park ulifunguliwa tarehe 24 Agosti 1892, na siku hiyo hawakucheza kandanda hata. Watu wapatao elfu kumi na mbili walikuja kutazama mbio na fataki. Timu ya wanaume ilikaa hapo miaka 133, mpaka Mei 2025 ilipohamia uwanja mpya kando ya maji. Goodison haukubomolewa. Sasa ni nyumba ya timu ya wanawake ya Everton. Akina mama, nilijua mtalipenda hilo.

Mwingine wa kanisa lile, Will Cuff, mwanasheria aliyekuwa mwongozaji wa kwaya ya St Domingo, alikuja kuwa katibu wa klabu, kisha mwenyekiti, na kuanzia mwaka wa 1939 akawa Rais wa Ligi yote. Mwongozaji wa kwaya! Tena mnawadharau waongozaji wa kwaya zenu.

Ukoo wetu na wao

Mtu ataniuliza, hayo ya Liverpool yanatuhusu nini? Kwanza, Everton na Kenya wamekutana. Walicheza na Gor Mahia Dar es Salaam mwezi wa Julai 2017, wakashinda 2–1, na mwaka wa 2018 Gor Mahia wakaalikwa Goodison yenyewe. Huko tulifungwa 4–0. Tuendelee.

La pili lina uzito zaidi. Mmisionari wa kwanza wa Kimethodisti kukaa na kufanya kazi kwetu, Thomas Wakefield, aliyefika pwani mwaka wa 1862 na kufanya kazi Ribe kati ya Waribe na Wamijikenda wengine, alitumwa na tawi lililoitwa United Methodist Free Churches. Tawi hilo nalo lilizaliwa kwa kisa kile kile: washiriki walitaka kusikika. Mwaka wa 1907 tawi la Wakefield na tawi la Mchungaji Chambers waliungana, pamoja na la tatu, wakawa kanisa moja. Kwa hiyo Wamethodisti mlioko hapa, kamati zenu za nyumba ya ibada, mikutano yenu ya robo mwaka ambayo mnailalamikia kuwa ni mirefu, na vitabu vya kumbukumbu, ni ukoo mmoja na kitabu alichokizoea yule mpiga kinanda. Wasio Wamethodisti msijali, kitabu ni shilingi chache dukani.

Mchungaji Chambers mwenyewe alihamishwa, kama wachungaji wa Kimethodisti wanavyohamishwa. Alifariki mwaka wa 1901, akazikwa Shepley, Yorkshire, karibu na kijiji alikozaliwa. Miaka mingi kaburi lake lilisahauliwa, hata na watu wa mpira, mpaka miaka ya karibuni lilipotafutwa na kutengenezwa.

Na sisi wa nasari? Tulikaa mwaka mzima bila miche. Wanachama saba waliondoka, na siwalaumu. Kumi na wanne tuliobaki tulikodi robo ekari kwa mjane mmoja upande wa juu, mbali na mto, maji tunabeba. Safari hii tuliandika. Karatasi inasema miaka mingapi, kodi ni kiasi gani na itapanda lini, mabomba na uzio ni vya nani siku tukiondoka, na ni miezi mingapi ya notisi. Mjane alitia kidole, mtoto wake akatia sahihi, wazee wawili wakashuhudia, na nakala moja iko kwa chifu. Hakukasirika. Alisema ni mara ya kwanza mtu kumsomea karatasi yote kabla ya kumpa wino.

Yule mama wa mbuzi ndiye katibu sasa. Alisoma hadi darasa la sita, na hakuna mkutano alioacha kuandika.

Nakala za mapatano hayo ziko hapa mezani, ukurasa mmoja tu. Tumetoa majina ya watu na kuacha nafasi mjaze yenu. Kila kikundi kichukue moja, na kama hazitoshi katibu amesema atanakili nyingine kwa mkono. Maswali tutayapokea baada ya chai, naona masufuria yamekwisha kufika.